"Funika kombe": kombe gani, na mwanaharamu ni nani?

Kombe la kwenye "funika kombe mwanaharamu apite" ni lile la mpira? (Msomaji, Chamwino)

Hapana. Kombe ni sahani kubwa, pana. Likipewa ki- ya udogo linakuwa kikombe. Huku Dodoma tumezoea kusema sinia, kwa hiyo neno limetoka jikoni likabaki kwenye methali. Picha yake ni ya chakula kilichotengwa: anapita mtu msiyemtaka, mnafunika, akishapita, mnafunua. Hapo kwenye kufunua ndipo wengi wanapoteleza. Methali haisemi mwaga wala sahau. Inasema ficha kwa muda, na jambo lingalipo chini ya kifuniko. Mtu akisema "tumemsamehe, tukafunika kombe", amechanganya mawili: aliyesamehe hana cha kufunua baadaye.

Mbona nasikia kombe ni dawa? (Msomaji, Kondoa)

Ni kweli pia. Aya za Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Methali yetu inazungumzia chombo, si dawa.

Mwanaharamu ni mtoto wa nje ya ndoa?

Hiyo ndiyo maana ya msingi, mwana na haramu, neno la Kiarabu. Ndani ya methali ni mtu mwenye nia mbaya, mchongezi. Lakini neno linauma, na mtoto asiye na kosa lolote anaweza kulisikia. Nusu ya kwanza inatosha: "Tufunike kombe kwanza."

Ni methali au nahau? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Ikiwa nzima ni methali, na haibadiliki. "Funika" ni amri. "Apite" ina -e ya kuonyesha kusudi, kwa hiyo ukiandika "anapita" umeiharibu. "Kufunika kombe" peke yake ni nahau, inabeba nyakati zote: "Mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa zabibu alifunika kombe mpaka mkaguzi alipoondoka." Usiitumie kwa siri njema, kama zawadi ya harusi. Kinachofunikwa ni aibu, kasoro au ugomvi.

Na kinyume chake?

Kumwaga mtama, kutokana na "Penye kuku wengi usimwage mtama." Ukishamwagika hapo, hauokoteki.