Haisi ya kilomita 412,000: ninunue au niiache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mwanga, Kigoma. Nimepata Haisi ya mwaka 1999, ile ya bodi ya zamani, injini 3L ya dizeli, gia za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 412,000. Mwenye nayo anataka milioni 11, na mimi nina milioni 12 tu. Nataka inibebee dagaa kutoka Kibirizi, na siku nyingine mzigo wa duka kwenda Kasulu. Wenzangu wanasema gari ya kilomita laki nne ni maiti. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba. Hiyo laki nne isikutishe. 3L ni injini ya cc 2,779 isiyo na tabo, pampu na noza zake (vipulizia dizeli) ni za kimakenika, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inafika huko bila kufunguliwa. Tia shaka zaidi kwa Haisi inayosoma 160,000 na inajulikana ilikuwa ya abiria. Piga hesabu: Kigoma hadi Kasulu ni kilomita 90 na ushee. Kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, siku 300, umeshapita laki moja kwa mwaka. Raba ya pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma na kiti cha dereva kilichobonyea vinasema kweli kuliko dashibodi.

Cha kukuamulia kiko chini ya gari. Haisi hii haina chesisi ya peke yake. Reli zimechomelewa pamoja na sakafu ya bodi, kwa hiyo kutu ikila reli, imekula gari. Injini ya mtumba inapatikana, giaboksi inapatikana, lakini bodi iliyooza hakuna duka linalokuuzia nyingine. Na huko kwenu kutu ina mlo wake: gari iliyosomba chumvi ya Uvinza, au iliyobeba samaki na barafu inayoyeyuka, unyevu umekaa chini ya raba ya sakafu miaka. Uliza ilikuwa inabeba nini, kisha usitegemee jibu. Inua raba uone bati lenyewe.

Halafu ingia chini na tochi, bisibisi bapa na nyundo ndogo, gari ikiwa imesimamishwa kwenye stendi au shimo la gereji, kamwe si jeki peke yake. Chokonoa vizingiti vya milango, njia ya mlango wa kuburuta kwa chini, reli za pande zote mbili, na hasa mahali springi za nyuma zinaposhikwa na mahali vyuma vya msokoto vya mbele (ndivyo springi za mbele) vinapofungwa. Bati zima likigongwa hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huzama. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi juu ya mabonge, kwaruza. Shimo la sakafuni huchomelewa kiraka. Reli iliyotoboka kwenye shikio la springi, shukuru na uondoke, hata akikushushia milioni 3.

Bodi ikipita, rudi siku nyingine alfajiri, na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini (iko chini ya viti vya mbele): iwe baridi. Kwa joto la Kigoma, 3L yenye kompresheni nzuri (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inashika ndani ya sekunde chache. Ikizungushwa muda mrefu huku ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, ama plagi za kupashia moto zimekufa, ama kompresheni imeshuka. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi ukikanyaga kwa nguvu huwa ni noza au chujio la hewa, na huo hauniogopeshi sana. Injini ikisilensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua kifuniko cha oili ukilaze kichwa chini mdomoni pake: kikitikisika kidogo ni sawa, kikirushwa, ringi za pistoni zimechoka. Kama fundi ana geji ya kompresheni ya dizeli, ipimwe. Nzima husoma karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Chini ya 20 ni ya kufungua, na silinda zisipishane zaidi ya 5.

Kwenye maji kuna mtego wake. Nyingi zilizotoka Japani zina hita ya nyuma, na mabomba yake ya chuma yanapita chini ya sakafu. Yakioza, maji yanavuja taratibu, injini inachemka, silinda hedi inapinda au kupasuka. Fungua rejeta ikiwa baridi, washa: mapovu yasiyokoma au utando wa oili ni gasketi au hedi. Mabomba yakiwa na kutu tu, fundi huyakata na kuunganisha mpira mbele. Hita Kigoma ya nini?

Jaribu barabarani ukiwa na mzigo, si peke yako. Panda kutoka ufukweni kwenda Mwandiga kwa gia ya tatu. Mvumo wa injini ukipanda na mwendo ukabaki pale pale, klachi inateleza. Rudisha tatu kwenda mbili: ikikwaruza, sinkro (kinacholainisha kuingia kwa gia) imeisha. Usukani usicheze zaidi ya sentimita 3 ukingoni kabla tairi hazijasogea.

Sasa pesa. Ukitoa 11 ubaki na 1, umenunua gari usiyoweza kuitengeneza. Gari ya umri huu itakula robo ya bei yake miezi ya mwanzo: matairi ya mzigo, breki, bushi, boljointi, oili lita 6 hivi na chujio. Mwambie 9, na asipofika 9 na nusu, muache atafute mwingine. Malipo yafanyike mbele ya wakili baada ya kulinganisha namba ya bodi na ya injini na zile za kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama injini ilibadilishwa, kadi nayo iwe imebadilishwa kabla hujalipa. Angalia pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari.

Ukishainunua, isiende Kasulu kabla ya kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni. Muda wake ni kilomita 100,000, na neno la muuzaji kwamba ulibadilishwa halina uzito bila risiti au tarehe iliyoandikwa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na gharama inazidi mkanda mara nyingi. Badilisha pamoja na beringi yake ya kukazia na sili za mbele, maana sili inayovuja hulowesha mkanda mpya kwa oili na kuuharibu kabla ya wakati. Andika kilomita kwenye kibandiko, ubandike mlangoni.