Kumwamini zaidi mteja wa Kifaransa

Dada wakili, umeuliza kwa nini hapa Bukavu unajikuta ukimwamini haraka mteja wa Ibanda, mtaa wa wenye uwezo, anayeongea Kifaransa kuliko mama wa Kadutu, mtaa wa watu wa kawaida, anayejieleza kwa Kiswahili. Umefanya vizuri kuliona. Mimi nilimkatiza mama muuza samaki mara tatu, kumbe karatasi aliyoikunja kwenye kitenge ndiyo ilikuwa ushahidi wote. Bado inaniuma.

Sasa ninamwacha kila mtu amalize kwa lugha yake, naandika maneno yake kabla ya maoni yangu, halafu najiuliza: mtu wa Ibanda ningemuuliza swali hili? Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 18, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Mwombe pia mwenzako asome faili bila kuona jina wala mtaa.