Maswali ya Wasomaji: Kabla Moyo Haujasimamishwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Pasua, Moshi. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 24 na uzito wa kilo 48, ana valvu ya moyo iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi aliyoipata akiwa shule ya msingi, na amepangiwa upasuaji Dar es Salaam. Tumeelezwa kwamba moyo wake utasimamishwa na mashine itafanya kazi kwa niaba yake. Himoglobini yake imepimwa ikawa 9, na daktari wa huko anataka kusogeza tarehe mbele kwa wiki sita ili damu ipande kwanza. Mama hataki kabisa kusikia habari hiyo, kwa kuwa ukoo umekwisha kuchanga fedha na majirani wanasema kuchelewa ndiko kunakoua. Je, hatuwezi kuomba aongezewe damu siku hiyo hiyo ili mambo yaishe? (Kaka mwenye hofu, Moshi)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mpe mama pole zangu, lakini mwambie kwamba katika shauri hili mimi niko upande wa daktari, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa barua za namna hii nazipata mara kwa mara.

Kusimamisha moyo si jaribio tena. Mashine ya moyo na mapafu ilifanikiwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1953 mjini Philadelphia, Marekani, pale daktari John Gibbon alipoziba tundu ndani ya moyo wa binti wa miaka 18. Moyo husimamishwa kwa dawa yenye potasiamu nyingi, na kwa kawaida dawa hiyo hurudiwa kila baada ya muda mfupi ili misuli ya moyo ipumzike bila kuharibika. Wakati huo damu hutoka mwilini kwa mrija mnene ikiwa nyeusi nyeusi, kama rozela iliyolowekwa usiku kucha. Hupita kwenye utando unaoipa oksijeni na kuiondolea hewa chafu, kisha hutoka upande wa pili ikiwa nyekundu inayong'aa na kurudishwa kwenye mshipa mkuu. Kabla ya hapo mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande ndani ya mirija. Tone la damu huwekwa kwenye kichupa, kipimo kinahesabu sekunde, na chumba kizima kinasubiri. Damu ya kawaida huganda kwa dakika mbili hivi, lakini timu nyingi hazikubali mashine ianze mpaka hesabu ivuke sekunde 480. Nimekaa kwenye kiti hicho cha kusubiri mara nyingi, na sijawahi kuona daktari mpasuaji, hata awe na haraka kiasi gani, akithubutu kuikatisha hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye ile 9. Mirija na chombo cha mashine haviwezi kuanza vikiwa vitupu, kwa sababu hewa ikiingia mshipani inaweza kwenda hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo hujazwa kwanza maji ya dripu, tuseme lita 1.2, na maji hayo huchanganyika na damu ya mgonjwa mara mashine inapowashwa. Mdogo wako, kwa uzito wake, ana damu ya takriban lita 3.1. Piga hesabu mwenyewe: akiingia na himoglobini ya 9, dakika chache baadaye itakuwa karibu 6.5 kabla hata kisu hakijagusa moyo. Akiingia na 12.5, itabaki karibu 9. Mwanamume wa kilo 90 asingeyumbishwa kiasi hicho na maji yale yale, na ndiyo maana wagonjwa wembamba wenye upungufu wa damu hutusumbua akili kuliko wengine.

Kinachoumia kwanza ni figo. Wataalamu wa mashine hujitahidi oksijeni inayofikishwa mwilini isishuke chini ya mililita 280 hivi kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa sababu chini ya hapo hatari ya figo kushindwa kazi huongezeka. Kwa kasi ya kawaida ya mashine, himoglobini ya 6.5 humfikisha mdogo wako kwenye 230 hivi, na ile ya 9 humvusha 300. Mwendesha mashine anaweza kuongeza kasi, anaweza kutumia mirija mifupi ili maji yapungue, anaweza hata kuiacha damu ya mgonjwa mwenyewe irudi nyuma na kuyasukuma nje baadhi ya maji hayo kabla ya kuanza; hizo zote ni mbinu nzuri na zinatumika, lakini hakuna inayoshinda mgonjwa aliyekuja na damu yake ya kutosha.

Kuhusu kuongezewa damu siku hiyo: atapewa ikilazimu, na ndugu wajitokeze kuchangia mapema. Hata hivyo damu ya mtu mwingine ina gharama yake mwilini, kuanzia mzio hadi matatizo ya mapafu, na timu makini huitumia kwa kipimo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa zaidi ya 4,800 wa upasuaji wa moyo, ulionyesha kwamba kusubiri himoglobini ishuke chini ya 7.5 ndipo damu iongezwe hakukuwa na madhara zaidi kuliko kuiongeza mara inaposhuka chini ya 9.5. Kwa hiyo msiende kudai chupa za damu kana kwamba wingi wake ndio ubora wa huduma.

Wiki sita hizo si za kukaa bure. Chanzo cha upungufu kitafutwe: minyoo ya safura, hedhi nzito, au lishe duni. Vidonge vya madini ya chuma vimezwe kama vilivyoandikwa, na chai ya rangi isinywewe pamoja navyo wala pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini hayo kufyonzwa. (Na rozela, ambayo kila mtu sasa ataniletea: inafanana na damu kwa rangi tu, na haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge.) Daktari wa meno amwone pia, kwa kuwa jino bovu hupeleka vijidudu kwenye damu na vijidudu hivyo hupenda sana kukaa kwenye valvu mpya. Sindano zake za penisilini za kila wiki tatu au nne, za kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, zisikatwe. Lakini akianza kukosa pumzi akiwa amelala, miguu ikivimba, au akikohoa damu, msisubiri wiki sita wala wiki moja. Mrudisheni hospitali, maana hapo hesabu ya kusubiri inabadilika na timu itaamua upya.

Akiwekewa valvu ya chuma atatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na kama valvu hiyo ni ya mitral, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kipimo cha kuganda kwa damu (INR) hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Mboga ya mnafu hakatazwi, mradi asile sahani tatu wiki hii na wiki ijayo asiuguse, kwa sababu dozi hupangwa kulingana na ulaji wake wa kawaida. Pombe ya mbege aiache. Aulize pia kuhusu ujauzito kabla valvu haijachaguliwa, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na binti wa miaka 24 ana haki ya kulijua hilo akiwa bado na nafasi ya kuchagua.

SWALI: Baba yangu, mzee wa miaka 67, alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo mwezi uliopita. Tangu arudi Arusha anasahau majina ya wajukuu na usiku halali. Je, mashine imemharibu ubongo? (Binti wa Sakina)

JIBU: Pole, binti yangu. Jambo hili hutokea mara nyingi kwa wazee, na kwa walio wengi hupungua taratibu katika wiki na miezi inayofuata. Mashine inaweza kuchangia, kwa viputo vidogo vya hewa, vipande vya mafuta vinavyobanduka kwenye mshipa mkuu unapobanwa, au damu iliyopashwa moto kupita kiasi wakati mwili unarudishiwa joto. Ndiyo maana damu inayorudi mwilini haitakiwi kuzidi nyuzi 37. Lakini dawa za usingizi, maumivu, na siku kadhaa za taa zisizozimwa katika chumba cha wagonjwa mahututi nazo zina sehemu yao. Mpeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anacho, akae juani asubuhi, asilale mchana kutwa, na dawa zake zikaguliwe na daktari. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hilo si kusahau tena. Ni kiharusi, na awahishwe hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Si bora upasuaji wa mishipa ufanyike moyo ukiwa unadunda, bila mashine? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Unawezekana kwa mishipa, si kwa valvu inayohitaji moyo ufunguliwe. Tafiti kubwa zilizolinganisha njia hizo mbili hazikuonyesha kwamba kuikwepa mashine huwafanya wagonjwa kwa ujumla waishi zaidi, na mmoja wao uliona matokeo mabaya zaidi baada ya miaka mitano kwa waliofanyiwa bila mashine. Kwa mgonjwa ambaye mshipa wake mkuu umejaa chokaa inaweza kuwa na faida, kwa sharti kwamba mpasuaji anaifanya njia hiyo mara kwa mara. Muulize anafanya wangapi kwa mwaka.