Wa mhunzi, wa fundi saa, wa mtia kalai: maswali kuhusu majina ya ukoo ya Wabulgaria

Safari hii ninajibu maswali ya wasomaji kuhusu majina ya ukoo ya Kibulgaria, hasa yale yaliyotokana na kazi za mikono.

Kila Mbulgaria ninayemsikia katika michezo au siasa, jina lake huishia kwa -ov au -ev. Maana yake ni nini, na kazi inaingiaje humo?

Kiishio hicho ni cha umilikaji, na hufanya kazi kama "wa" yetu. Kovach ni mhunzi. Kwa hiyo Kovachev ni "wa mhunzi", mtoto au mjukuu wa mtu ambaye kijiji kizima kilimjua kwa nyundo na fuawe yake. Vivyo hivyo Grancharov ni wa mfinyanzi, Ovcharov ni wa mchunga kondoo, Vodenicharov ni wa mwenye kinu cha nafaka kinachozungushwa na maji ya mto, na Kolarov, jina la Vasil Kolarov aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1949, ni wa fundi wa mikokoteni. Zamani mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, na kazi ikaongezwa pale ambapo akina Ivan walikuwa wengi. Majina ya kudumu, yanayorithiwa kizazi hadi kizazi, yalienea na kuimarika baada ya 1878, nchi ilipopata serikali yake na makarani wakaanza kuandikisha watu.

Nimefahamiana na mtu aitwaye Saatchiev, naye akasema jina lake linahusu saa. Je, ni sadfa tu?

Si sadfa hata kidogo, na swali hili limenifurahisha kuliko yote. Dola ya Osmani iliitawala Bulgaria kwa takriban karne tano, na lugha ya sokoni na ya karakana ikajaa maneno ya Kituruki, ambayo mengine Kituruki chenyewe kilikuwa kimeyapokea kutoka Kiarabu. Kituruki humtaja mwenye kazi kwa kuongeza kiambishi mwishoni mwa jina la kitu anachokishughulikia. Wabulgaria walikitamka -dzhiya au -chiya, kisha wakaweka -ev yao. Saat ni saa, na Saatchiev ni wa fundi saa. Sisi neno hilohilo tulilipokea kwa Waarabu hapa pwani. Ndivyo ilivyo kwa Sapundzhiev, wa mtengeneza sabuni, na kwa Kafedzhiev, wa muuza kahawa.

Kalaydzhiev ni jina linalostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linatokana na kalai, lile bati ambalo wazee wetu pia walilitia ndani ya vyombo vya shaba. Shaba tupu huharibu chakula kikali na inaweza kumdhuru mlaji. Hivyo mwanagenzi aliingia miguu mitupu ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, akajizungusha huku na huku mpaka kutu yote ikatoka, ndipo fundi akaipasha sufuria moto juu ya makaa, akayeyusha kalai ndani yake na kuisambaza upesi kwa pamba hadi chombo kikang'aa cheupe. Vyombo vya shaba vimepungua sana majikoni, na kazi hiyo pamoja navyo, lakini jina limebaki katika vitambulisho vya watu ambao huenda hawajapata kuiona kalai ikiyeyuka.

Kuna wanaodhani kwamba majina ya namna hii si ya Kibulgaria halisi, nami sikubaliani nao. Sonara mmoja aliitwa kwa neno la Kislavoni na uzao wake ukawa Zlatarov. Mwingine aliitwa kwa neno la Kituruki na wake ukawa Kuyumdzhiev. Wote wawili walifua dhahabu ileile.

Mwenzangu kazini ni Kovachev, lakini mkewe ameandikwa Kovacheva. Je, karani amekosea?

Hajakosea. Jina la mwanamke huongezwa -a mwishoni.

Je, mtu mwenye jina la Hadzhiev ni Mwislamu?

Si lazima. Neno ni lilelile letu la haji, ila hapa halitaji kazi, bali heshima ya safari. Mkristo wa Kiorthodoksi aliyekwenda kuzuru Jerusalem na kuoga katika mto Yordani alirudi nyumbani akiitwa hadzhi, na heshima hiyo ikawashukia wajukuu. Ndiyo maana utakuta Hadzhidimitrov, yaani wa Haji Dimitar.

Je, wenye majina haya bado wanafanya kazi za mababu zao?

Wengi hawafanyi. Ivan Abadzhiev, ambaye jina lake linatokana na aba, kitambaa kizito cha sufu kilichoshonewa hata sare za jeshi la Osmani, alikuwa kocha mashuhuri wa kunyanyua vitu vizito. Soko la aba lilianguka baada ya 1878, jeshi hilo lilipoacha kuwa mteja na vitambaa vya viwanda vya Ulaya vilipoingia.

Hata hivyo, yupo mmoja ambaye jina na kazi vilikutana. Boyadzhiya ni mtia rangi, wa nguo au wa nyumba, na Zlatyu Boyadzhiev, aliyezaliwa mwaka 1903, alikuwa mchoraji. Mwaka 1951 alipatwa na kiharusi na upande wake wa kulia ukapooza. Akajifunza upya kushika brashi kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuchora picha kubwa zenye rangi nzito hadi alipofariki mwaka 1976.