Kwa Mnaoanza Kufuatilia Redio na Televisheni za Tijuana

Ndugu mnaoanza kazi ya kusikiliza, kurekodi na kutafsiri matangazo ya Tijuana mkiwa upande wa San Diego, ninawaomba kwanza muache kudhani kwamba lugha ya kituo ndiyo inayoonyesha nchi yake. Katika mji huu wa Meksiko ulio mpakani na Marekani, mnara unaweza kuwa Meksiko, studio zikawa California, na msikilizaji anayekusudiwa akawa ng'ambo ya ukuta. Kabla ya kuandika lolote kuhusu kituo, ulizeni leseni yake imetolewa na nchi gani, mnara umesimama wapi, na matangazo ya biashara yanamwelekeza mteja kwenye maduka ya upande upi. Swali hili la tatu hupuuzwa sana, nami ndilo lililonifumbua macho, kwa sababu mwenye duka hulipia masikio ya wateja anaoweza kuwafikia.

Mfano bora ni XETV, chaneli ya 6, iliyoanza kurusha matangazo Aprili 29, 1953. Wakati huo San Diego ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, kwa kuwa serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha utoaji wa leseni mpya kuanzia 1948 hadi 1952, na chaneli ya 6 ilikuwa imetengewa Tijuana. Kituo chenye leseni ya Meksiko kikawa hivyo kinawahudumia watu wa San Diego kwa Kiingereza, kikibeba vipindi vya mitandao ya televisheni ya Marekani: vya ABC, baadaye vya Fox kuanzia 1986, kisha vya CW kuanzia 2008, hadi huduma hiyo ya Kiingereza ilipofungwa mwaka 2017. Ukitafuta habari za wenyeji wa Tijuana katika kumbukumbu za chaneli hiyo za miaka hiyo, utapoteza siku nzima bure. Kwa Kihispania, anzia XEWT, chaneli ya 12.

Zizoeeni herufi za utambulisho. Vituo vya Meksiko huanza na XE au XH, ilhali vya California huanza na K. Kituo cha muziki wa roki kinachojiita 91X huzungumza Kiingereza mchana kutwa, lakini jina lake la kisheria ni XETRA-FM, na ni cha Tijuana. Katika mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nimevaa vipokea sauti, wimbo wa Kiingereza ukaisha, mara zikaingia tarumbeta na kwaya kwa Kihispania. Niliandika kwenye daftari kwamba masafa yameingiliwa na kituo kingine. Haikuwa hivyo: ulikuwa wimbo wa taifa wa Meksiko, ambao vituo vya nchi hiyo hupaswa kuupiga usiku wa manane na alfajiri, hata kama wasikilizaji wao wote wako Marekani. Tangu siku hiyo wimbo huo umekuwa alama ninayoitegemea kuliko maelezo ya mtangazaji.

Hapo pana mtego unaotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Wimbo hupigwa saa 6 usiku na saa 12 asubuhi kwa hesabu yetu. Kwa hesabu ya wenyeji ni saa 12 na saa 6. Namba ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, kwa hiyo aliyekosea huonekana amepatia mpaka rekodi itakapotafutwa na isionekane. Andikeni 00:00 na 06:00, kila mara, hata katika vikaratasi vyenu wenyewe.

Vilevile, Tijuana hufuata saa za California, ikiwa ni pamoja na kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, jambo ambalo sehemu kubwa ya Meksiko iliacha mwaka 2022. Kwa sababu hiyo Mexico City huitangulia Tijuana kwa saa 2 wakati wa baridi na kwa saa 1 wakati wa kiangazi. Ratiba ya kipindi cha kitaifa ikitajwa kwa saa za mji mkuu, ibadilisheni kwanza ndipo mtege mashine ya kurekodi.

Kwa rekodi za televisheni za mwaka 2013, kuweni waangalifu zaidi. Tijuana ulikuwa mji wa kwanza wa Meksiko kuzima analojia, yaani mfumo wa zamani wa kurusha televisheni kabla ya dijitali: ilizimwa Mei 28, ikarudishwa baada ya siku chache kwa kuwa uchaguzi wa jimbo ulikuwa umekaribia, kisha ikazimwa kabisa Julai 18. Kanda ya Juni mwaka huo isiyo na lebo inaweza kuwa ya analojia au ya dijitali, nanyi msiibandike lebo ya kukisia. Iachieni nafasi wazi, mwandike jina la aliyeirekodi na aina ya kifaa alichotumia, ili anayefuata awe na pa kuanzia.