Wino uliofutwa husomwaje?

SWALI: Wahariri, shikamooni. Nasikia beti za Kigiriki kumhusu Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, zilikutwa chini ya maandishi ya Kiarabu, monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, Misri. Zilisomwaje? Taa ya kukagulia noti ingetosha? (Msomaji, Area C, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Kurasa hizo ni za ngozi; ilioshwa au kukwanguliwa ili iandikwe upya, lakini wino wa chuma hupenya, hauishi wote. Ukurasa mmoja hupigwa picha nyingi, kwa mianga tofauti, kuanzia miale ya urujuanimno hadi infraredi, yote miwili jicho haliioni. Ukurasa ukisogea unywele tu, herufi hutoka pacha. Kwenye urujuanimno ngozi hung'aa kisamawati, mabaki ya wino yakabaki meusi. Tatizo, wino wa juu nao ni mweusi! Ndipo kompyuta hulinganisha picha zote na kuupa kila wino rangi yake. Mwanga hupitishwa pia kutoka chini, kwa kuwa wino huila ngozi ikawa nyembamba.

Taa yako ya noti itaonyesha kivuli cha herufi, kutenganisha haiwezi. Kemikali usiguse kabisa: wasomi wa karne ya 19 walipaka dawa ya kuamsha wino, wakasoma kidogo, kisha kurasa zikageuka kahawia. Beti hizo za Dionysus mtafiti Giulia Rossetto alizichapisha 2021.