Ilikopa au ilikopesha? Na "mkopo wa umma" ni wa nani?

Swali: Natafsiri sura ya historia ya New Zealand kwa ajili ya wanafunzi. Nimeandika: "Mwaka 1870 serikali ya kikoloni ya New Zealand ilikopesha mkopo wa umma wa pauni milioni 10 kutoka Uingereza." Mwenzangu anasema nimegeuza maana juu chini. Mahali pengine nimeandika kwamba mkopo wa 1863 ulikusudiwa kulipwa kwa mauzo ya "ardhi iliyotaifishwa". Je, nimekosea? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwenzako ana haki, ndugu msomaji. Anayekopa ndiye anayepokea fedha, na anayekopesha ndiye anayezitoa. Kiambishi *-esha* kinamfanya mtu mwingine atende: nikikukopesha, nimekuwezesha wewe kukopa. Kwa sentensi yako, New Zealand ndiyo iliyowagawia watu wa London fedha, kumbe ilikwenda huko kuzitafuta.

Nadhani najua kosa lilikotoka. Tuna kitenzi jirani, *kuazima*, ambacho kwa wasemaji wengi huelekea pande zote mbili. Mtu husema "nimeazima jembe kwa jirani", kisha kesho yake jirani mwingine humwambia "niazime jembe lako", na wote wanaelewana. *Kukopa* hakuna uhuru huo. Dukani utasema "nikopeshe unga, nitalipa mwisho wa mwezi", na ukitoka na unga wako utasema "nimekopa". Tena vitenzi hivi viwili vinatofautiana kwa jambo zaidi ya hilo: jembe la kuazima hurudi lile lile, lakini unga wa kukopa huliwa, ukarudishwa mwingine au thamani yake. Ndiyo maana fedha za kujengea reli, kama zile za New Zealand, hukopwa. Pauni zilizonunua mataruma hazirudi, hurudi nyingine, na riba juu yake.

Sasa "mkopo wa umma". Hapa hata wahariri wazoefu hujikwaa, kwa sababu *-a* ya uhusiano haisemi fedha zinaelekea wapi. Mkopo wa benki hutoka benki. Mkopo wa wanafunzi huenda kwa wanafunzi. Mkopo wa nyumba ni wa kujengea au kununulia nyumba. Msomaji akikutana na "mkopo wa umma" atafikiri kwanza kwamba serikali iliwakopesha wananchi wake. Kilichotokea ni kinyume: serikali iliuza hatifungani, yaani karatasi za deni zenye riba, katika soko la fedha la London, na yeyote mwenye akiba aliweza kununua. Basi andika "ilikopa kwa umma" au, ukitaka kuonyesha njia yenyewe, "ilikopa kwa kuuza hatifungani". Usiandike pia kwamba Uingereza iliikopesha New Zealand. Waliotoa fedha walikuwa wawekezaji, na deni lilikuwa la koloni yenyewe.

Kuhusu hatifungani, kuna jambo ambalo tafsiri nyingi hulipita. Tuseme karatasi imeandikwa pauni 100, lakini sokoni imenunuliwa kwa 95. Serikali *imepokea* 95, ila *inadaiwa* 100, na riba inahesabiwa kwa 100. Ukiandika "ilipata mkopo wa pauni milioni moja", hatujui unataja kilichoingia mfukoni au kilichoandikwa kwenye karatasi. Chagua kati ya *kupokea* na *kudaiwa*, nasi tutaelewa.

Nitagusa kidogo "serikali ya kikoloni". Kwetu Afrika Mashariki maneno hayo yanaleta picha ya gavana na bwana shauri wakitawala watu wasio na kura. New Zealand ilikuwa na bunge lake tangu 1854, nalo ndilo lililoidhinisha mikopo. "Serikali ya koloni ya New Zealand" inaeleza vyema zaidi ni nani aliyekuwa anakopa.

Lakini usidhani kwamba hapo hapakuwa na unyang'anyi, na sasa nafika kwenye neno lililoniuma zaidi katika barua yako. Mwaka 1863, wakati wa vita na Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, bunge hilo lilipitisha sheria ya kukopa pauni milioni 3, pamoja na sheria ya kutwaa ardhi ya Wamaori walioitwa waasi. Matumaini yalikuwa kwamba ardhi hiyo ikiuzwa kwa walowezi, deni litalipika. *Kutaifisha* ni kufanya mali kuwa ya taifa zima. Watanzania wanalijua neno hilo tangu mabenki ya 1967. Ardhi ya Waikato, mojawapo ya maeneo hayo ya Wamaori, ilitwaliwa kutoka kwa jamii moja ili wapewe na kuuziwa wengine. Neno letu kwa tendo hilo ni *kunyang'anya*. Ukiona ni kali mno kwa kitabu cha shule, andika "iliyotwaliwa kwa nguvu", lakini usiteremke chini ya hapo. Mwanafunzi atakayesoma "iliyotaifishwa" ataamini kwamba Wamaori walibaki na sehemu yao katika hilo taifa.

Tarehe yako nayo inahitaji kurekebishwa. Mwaka 1870 Julius Vogel, mweka hazina wa koloni, *alipendekeza* kukopa pauni milioni 10 kwa muda wa miaka 10, kwa ajili ya reli, barabara, kuleta wahamiaji na kununua ardhi zaidi ya Wamaori. Fedha hazikuja zote kwa mara moja. Bunge lilianza kwa kuidhinisha milioni 4. Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi:

"Mwaka 1870 serikali ya koloni ya New Zealand ilipanga kukopa pauni milioni 10 katika miaka 10, kwa kuwauzia wawekezaji wa London hatifungani."